Sumu Hupita Pasipo Tundu: Mhadhara juu ya Glavu, Dawa za Magugu na Joto la Garissa

 

Nimeombwa nizungumze juu ya dawa za magugu. Nitazungumza juu ya glavu. Dawa ina watu wengi wa kuisemea: kampuni inayoitengeneza, mwenye agroveti, afisa wa kilimo. Glavu haina msemaji, na hali ndiyo kitu cha mwisho kilichobaki kati ya sumu na ngozi ya mtu.

Itazameni chupa yoyote ya dawa ya magugu iliyosajiliwa nchini. Chini ya kibandiko pana utepe wa rangi, na ndani ya utepe pana michoro midogo. Mmojawapo ni wa mikono iliyovaa glavu. Michoro hiyo ilibuniwa miaka ya 1980 na FAO pamoja na shirikisho la watengenezaji wa dawa, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Ni kazi njema. Lakini mchoro hausemi glavu ya mpira gani, ya unene gani, wala itahimili kwa muda gani. Mkulima huingia dukani akaomba glavu, akapewa iliyopo. Pengine ni zile nyembamba za hospitali. Pengine ni za kuoshea vyombo, au za ngozi za fundi wa kuchomelea vyuma, au za uzi wa pamba. Zote zinaitwa glavu, na zote zikiwekwa mbele ya dawa ile ile, moja itahimili siku nzima na nyingine haitamaliza dakika kumi.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Watoto wetu hununua maputo siku ya Idd. Puto likishafungwa kwa uzi, kesho yake utalikuta limenywea, na ukilizamisha majini huoni tundu. Hewa imepita katikati ya mpira wenyewe. Imeyeyukia upande wa ndani, ikasafiri polepole kati ya molekuli za mpira, ikatokea upande wa pili. Mkemia Mskoti aitwaye Thomas Graham aliieleza safari hiyo mwaka 1866, na maelezo yake ndiyo msingi wa sayansi ya glavu hadi leo. Dawa ya magugu husafiri vivyo hivyo. Haihitaji tundu.

Ndiyo maana wanaopima glavu hutenganisha njia tatu za kushindwa kwake. Kuna kuvuja, yaani dawa kupita penye tundu, ufa au mshono. Kuna kuharibika, yaani mpira kuvimba, kulainika, kukakamaa au kupasuka kwa sababu ya kemikali. Halafu kuna hii ya puto, kupenya. Kuvuja utakuona, kwa maana mkono utalowa. Kuharibika utakuona pia, glavu itanata au itabadilika umbo. Kupenya hukuoni. Glavu inabaki nzima, kavu kwa ndani, inapendeza, na sumu imeshafika kwenye ngozi.

Kisa kinachojulikana zaidi hakikutokea shambani. Tarehe 14 Agosti 1996 profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth huko Marekani, Karen Wetterhahn, alikuwa akifanya kazi na kiowevu kiitwacho dimethili zebaki. Alifuata taratibu zote za wakati ule, akavaa glavu za lateksi, akafanya kazi chini ya feni ya kuvutia hewa chafu. Matone machache yakamdondokea juu ya glavu. Hakuona tatizo lolote. Miezi mitano baadaye akaanza kuyumba na kusema kwa shida, na tarehe 8 Juni 1997 alifariki akiwa na umri wa miaka 48. Glavu za aina ile zilipopimwa baadaye, ilionekana kiowevu kile kilipenya ndani ya sekunde 15 au chini ya hapo. Dawa zetu za magugu hazina ukali wa namna ile, na sitaki mtu atoke hapa akidhani zinao. Ninachotaka mkishike ni kwamba mtu huyu alikuwa bingwa wa metali zenye sumu, alivaa glavu nzima, na hakuna aliyekuwa ameipima glavu hiyo dhidi ya kiowevu hicho kabla ya siku ile.

Sasa niwaeleze kipimo chenyewe, kwa sababu kila muda wa kuhimili uliochapwa kwenye paketi ya glavu umetoka humo.

Maabara hukata kipande cha mviringo kutoka kwenye kiganja cha glavu mpya. Kipande hubanwa kati ya vikombe viwili vidogo vilivyolala ubavu, kikawa ukuta kati yao. Kikombe kimoja hujazwa kemikali. Kile cha pili hupitishwa hewa safi au maji safi, na hewa hiyo au maji hayo huchukuliwa kila baada ya muda na kupelekwa kwenye mashine ya kromatografia, ambayo hutambua hata chembe chache mno za kemikali. Saa huanza kuhesabu pale kemikali inapogusa glavu, na husimama pale upande wa pili unapoanza kupokea kemikali kwa kasi iliyokubaliwa. Muda huo ndio hutangazwa. Kwa kiwango cha Ulaya, dakika zaidi ya 10 ni ngazi ya 1, zaidi ya 30 ni ngazi ya 2, zaidi ya 60 ni ya 3, zaidi ya 120 ni ya 4, zaidi ya 240 ni ya 5, na zaidi ya 480, yaani saa nane za kazi, ni ngazi ya 6.

Angalieni maneno niliyosema: kasi iliyokubaliwa. Ulaya husema dawa imepita pale inapopenya kwa mikrogramu 1 katika kila sentimita ya mraba kwa dakika. Marekani hutumia sehemu ya kumi ya hiyo, mikrogramu 0.1. Kwa hiyo glavu ile ile, dawa ile ile, inaweza kupewa muda mrefu katika bara moja na mfupi katika jingine. Na hata mikrogramu moja si kidogo kama inavyosikika. Mkono wa mtu mzima una ngozi inayokaribia sentimita za mraba 400. Mkono wote ukiwa umelowa na dawa ikipenya kwa kasi hiyo, ngozi inapokea mikrogramu 400 kila dakika, yaani miligramu 24 kwa saa. Paketi itasema muda wa kuhimili haujaisha hadi kasi hiyo ifikiwe. Ngozi imeanza kupokea kabla.

Jambo la pili: kemikali zinazotumika kupimia. Orodha ya kiwango cha Ulaya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, ina kemikali 18, kila moja na herufi yake. Humo mna methanoli, asetoni, asidi ya salfa, magadi makali, formaldehaidi. Hamna dawa hata moja ya magugu. Glavu inaweza kubeba alama ya daraja la juu kabisa, yule mwenye duka akaionyesha kwa fahari, na hakuna aliyewahi kuiweka mbele ya kile kilicho ndani ya chupa yako. Pengo hili lilichelewa kuzibwa kwa sababu ya ugumu wa kweli. Dawa nyingi za magugu hazigeuki mvuke kwa urahisi, kwa hiyo hewa ya kwenye kikombe cha pili haizibebi. Mwaka 2017 kilitoka kiwango cha kimataifa, ISO 19918, kinachotumia kitu cha kufyonza kilichogusana na upande wa ndani wa glavu, kisha dawa iliyokusanyika humo hutolewa na kupimwa. Mwaka 2019 kikafuata ISO 18889, kiwango cha kwanza cha kimataifa cha glavu za watu wanaofanya kazi na viuatilifu. Kina madaraja matatu. G1 ni ya dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji, hatari ikiwa ndogo. G2 inafaa pia kwa dawa kali isiyochanganywa, na lazima iwe na nguvu ya kuhimili misukosuko ya kazi. GR ni ya wanaorudi shambani baada ya dawa kupigwa na kukauka, na hukinga upande wa kiganja tu. Ukienda dukani, omba G2. Ukiambiwa haipo, angalau muuzaji atakuwa amejua kwamba kuna mtu anaitaka.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikubali mwaliko huu.

Kipimo cha Ulaya nilichokieleza hufanywa katika chumba chenye nyuzijoto 23. Wanaokaa Garissa wananisikia. Mwezi wa Machi joto la mchana mjini hapa hupita nyuzijoto 36, na hiyo ni kivulini, mahali wanapopimia watu wa hali ya hewa. Mpini wa pampu uliokaa juani ni moto kuliko hewa. Mpira mweusi wa glavu ni moto zaidi. Na mpira ukipata joto, molekuli zake hucheza zaidi, nafasi kati yake hufunguka, na kilichokuwa kikipita polepole hupita haraka. Haya yamepimwa tena na tena: joto likipanda, muda wa kuhimili hupungua. Kwa hiyo dakika 60 zilizoandikwa kwenye paketi ni dakika 60 za chumba chenye ubaridi ambao sisi mchana hatuna hata mwezi wa Julai. Zetu ni ngapi? Hilo linahitaji kupimwa kwa joto letu, na linaweza kupimwa. Kikombe kile kile cha maabara, ukikiweka ndani ya kabati la joto la nyuzi 38 au 40, kitakupa jibu.

Unene nao una hesabu yake, na hesabu hii inamsaidia mkulima. Muda wa dawa kupenya haupandi sawasawa na unene, hupanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe. Glavu yenye unene mara mbili huchelewesha dawa takriban mara nne. Glavu ya hospitali ya nitrili ina unene wa kiasi cha milimita 0.1. Ile nzito ya nitrili, ya kijani, inayofika karibu na kiwiko, mara nyingi ni milimita 0.4. Ni mara nne kwa unene, basi mara kumi na sita kwa muda, mpira ukiwa wa aina moja. Kwa hiyo kuvaa glavu mbili nyembamba kwa pamoja kuna maana fulani, lakini hakufikii glavu moja nzito.

Kisha kuna kilichomo ndani ya chupa. Mkulima husoma jina la dawa na kiasi chake, na ni haki yake. Lakini kinachoamua kama glavu itashinda, mara nyingi, ni kile kimiminika kilichoyeyusha dawa. Glaifosati na parakwati ni chumvi zilizoyeyushwa katika maji. Mpira mzuri usio na tundu huzizuia kwa muda mrefu, na hatari yake kubwa mkononi ni kuvuja. Parakwati ikivuja na kubaki ndani ya glavu hula ngozi na kucha, ikishachubua ngozi huingia mwilini, ikashambulia mapafu, na dawa ya kuitengua haipo. Upande wa pili kuna dawa zilizoyeyushwa katika mafuta na vimiminika vya petroli. Dawa ya 2,4-D huuzwa katika sura zote mbili: kuna chumvi ya amini inayochanganyika na maji, na kuna esta inayokaa ndani ya mafuta. Jina ni moja, glavu si moja. Kimiminika cha mafuta huingia kwenye mpira kwanza, huuvimbisha, na dawa hufuata njia iliyokwisha kufunguliwa. Shane Que Hee wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, amepima kwa miaka mingi jinsi viuatilifu vinavyopenya glavu, na moja ya kazi zake za mwanzo, ya mwaka 1989, ilikuwa juu ya esta hii hii ya 2,4-D.

Hakuna mpira unaoshinda kila kitu. Lateksi, mpira wa asili, huvimba ukiguswa na dizeli. Nitrili huistahimili dizeli vizuri, lakini hushindwa mbele ya vimiminika vya jamii ya asetoni, ambavyo baadhi ya dawa zimeyeyushwa navyo. Butili ni kinyume chake. Glavu za tabaka za plastiki zilizogandamizwa pamoja huzuia karibu kila kemikali, ila ni ngumu, hazishiki umbo la mkono, na huchanika upesi.

Watu wa Mandera, Wajir na Garissa walikutana na dawa za mafuta kwa wingi nzige walipoingia kupitia Mandera mwishoni mwa Desemba 2019. Dawa za kunyunyizia nzige hazikuwa za magugu, lakini zile za kiwango cha chini sana cha ujazo hupigwa bila kuchanganywa na maji hata kidogo: mafuta na sumu moja kwa moja. Vijana wengi walibeba pampu wakati ule. Hizo ndizo dawa zinazohitaji glavu bora kuliko zote.

Na sasa mathenge, mti ambao dawa yake nayo hubebwa na mafuta.

Mti huu hamhitaji kufahamishwa. Uliletwa nchini miaka ya 1970, ukapandwa kwenye machimbo ya Bamburi huko Mombasa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Bura na Hola, kwenye skimu za umwagiliaji, ili wakulima wapate kuni na nyika isigeuke jangwa. Kutoka huko ulifuata Mto Tana, ukafuata mifugo iliyokula maganda yake, ukafuata kila lagha, yaani mkondo wa maji ya msimu. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu hatari kisheria. Ukiukata bila kufanya zaidi, huchipuka tena kutoka kwenye kisiki kwa hasira, shina moja likawa kumi. Kwa sababu hiyo njia inayopendekezwa ni kuukata karibu na ardhi na kukipaka kisiki dawa hapo hapo, kabla jeraha halijakauka. Australia, ambako jamii ya mti huu imewasumbua miaka mingi, huchanganya dawa iitwayo triklopiri, katika sura yake ya esta, na dizeli, wakapaka au wakanyunyiza sehemu ya chini ya shina. Dizeli hupenya ganda la mti na kuibeba dawa hadi ndani.

Fikirini kuhusu mkono wa kijana anayeifanya kazi hiyo. Dizeli iliyochaguliwa kwa sababu hupenya ganda la mti, itashindwa vipi kupenya glavu nyembamba? Na si hilo tu. Mathenge una miiba ya sentimita kadhaa, migumu, inayotoboa hadi tairi la mkokoteni. Kijana anashika tawi kwa mkono mmoja, panga au msumeno kwa mwingine. Akivaa glavu ya nitrili, mwiba unaitoboa kabla ya kisiki cha tatu, na tundu la mwiba ni dogo kiasi kwamba hawezi kuliona. Akivaa glavu ya ngozi, mwiba unazuiliwa, lakini ngozi hunywa dizeli na dawa, haioshwi ikatakata, na jioni ameiweka juani ikauke ili aivae kesho. Kesho anavaa dawa ya jana. Kati ya hizi mbili, mimi naiogopa zaidi ya ngozi. Iliyotoboka inakulowesha siku moja. Iliyofyonza inakulowesha msimu mzima.

Je, vipimo vya viwanda vinajua mwiba? Kwa kiasi. Kiwango cha Ulaya cha misukosuko ya kazi kina kipimo cha kutoboa, lakini chuma chake cha kutobolea kina unene wa milimita 4.5 na ncha iliyoviringwa. Huo ni msumari butu, si mwiba wa mathenge. Glavu inaweza kupata alama ya juu humo na bado mwiba ukaipita bila taabu. Wamarekani wana kipimo kingine, ASTM F2878, kinachotumia sindano za hospitali, na hicho ndicho kinachokaribia hali yetu. Kipimo cha kuharibika nacho kina wazo zuri ambalo tunaweza kulichukua: glavu huachwa imeguswa na kemikali kwa saa moja, kisha hupimwa imepoteza nguvu kiasi gani ya kuhimili kutobolewa. Tukiweka triklopiri na dizeli kwenye nyuzi 38 kwa saa moja, kisha tukatumia sindano badala ya chuma butu, tutakuwa na kipimo cha mathenge cha kweli. Hakuna kiwanda kitakachotufanyia hilo bila kuombwa.

Kwa sasa, anayefanya kazi hii avae mbili: nitrili nzito ndani, ya ngozi juu yake wakati wa kukata na kuburuta matawi. Akifika kwenye kupaka dawa, ya ngozi ivuliwe kabla chupa haijafunguliwa. Bora zaidi, kazi igawanywe: anayekata asipake, anayepaka asikate. Na dawa ipakwe kwa brashi yenye mpini mrefu.

Nije kwenye mambo ya kila siku ambayo maabara ya Ulaya haiyawazi.

Sisi tunaswali. Anayepiga dawa kuanzia asubuhi atavua glavu adhuhuri, atavua tena alasiri. Kila kuvua ni nafasi ya sumu kuhama kutoka nje ya glavu kuja kwenye vidole, na kila kuvaa tena ni nafasi ya vidole kuipeleka ndani. Glavu iliyochafuka kwa ndani ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa sababu joto na jasho huifungia sumu kwenye ngozi. Na kabla ya udhu kuna istinja, kujisafisha baada ya haja. Nisemalo hapa nalisema kwa heshima, lakini lazima lisemwe. Mwaka 1971 daktari wa ngozi Howard Maibach na wenzake huko California walichapisha kazi waliyopima kwa watu jinsi kiuatilifu kiitwacho parathioni kinavyoingia mwilini kupitia sehemu mbalimbali za ngozi. Kwenye mkono, chini ya kiwiko, iliingia kiasi cha asilimia 9 ya kilichopakwa. Kwapani asilimia 64. Kwenye korodani, yote. Kwa hiyo kabla ya kuvua, glavu zioshwe kwa sabuni na maji zikiwa bado mkononi. Kisha zivuliwe, mikono ioshwe kwa sabuni, ndipo mtu aende haja na kutawadha. Maji ya kuoshea glavu yamwagwe ndani ya pampu, yatumike shambani. Yasimwagwe mtoni: chini yako kuna watu wanaoteka maji ya kunywa.

Mirungi nayo. Anayetafuna mchana kutwa hupeleka mkono mdomoni mara nyingi kuliko mla chakula. Sina la kuongeza.

Glavu yenye pamba laini ndani inapendeza kuvaa, lakini pamba ikishanywa dawa haitakati. Chagua isiyo na pamba, iliyo laini ndani, inayoweza kugeuzwa na kuoshwa. Ukipiga dawa kuelekea chini, mkono wa shati ufunike mdomo wa glavu. Ukipiga juu, kwenye matawi, mdomo wa glavu uwe juu ya shati na ukunjwe, ili matone yasiteremke hadi kwapani. Na kila asubuhi kabla ya kuvaa, glavu ijazwe maji na ininginizwe, au ifungwe mdomo ikandamizwe chini ya maji: povu likitoka, imekwisha. Hicho ni kipimo cha kuvuja, kile kile kinachofanywa viwandani. Hakiwezi kukuambia kitu juu ya kupenya. Glavu iliyotumika jana na dawa ya mafuta imebeba dawa ndani ya mpira wake, na dawa hiyo haikulala. Usiku kucha imeendelea kusogea kuelekea ndani. Ndiyo maana kwa dawa ya mafuta glavu haiwi ya msimu mzima, hata kama haijatoboka.

Mtaniuliza: haya yote kwa mkulima mwenye robo ekari ya nyanya? Swali hilo limeulizwa kabla yetu, na jibu lipo kwenye maandishi. Kanuni ya Kimataifa ya Usimamizi wa Viuatilifu, iliyopitishwa na FAO mwaka 1985 na ambayo sasa inasimamiwa pamoja na WHO, inasema kwamba viuatilifu vinavyohitaji vifaa vya kujikinga vinavyosumbua, vilivyo ghali au visivyopatikana kwa urahisi, viepukwe, hasa kwa wakulima wadogo na vibarua katika nchi za joto. Nchi za joto zimetajwa waziwazi. Ikiwa dawa fulani inahitaji glavu ambayo haiuzwi Garissa, au inayouzwa lakini kwa joto letu haihimili, basi dawa hiyo haistahili kuuzwa Garissa kwa mtu asiye na glavu hiyo. Hili ni jambo la kusimamiwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Na kwa wenye mashamba wanaoajiri vibarua kando ya Tana, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kibarua kulazimika kununua glavu yake mwenyewe kutoka kwenye ujira wa siku ni dhuluma, na mwajiri anayefanya hivyo anaijua.

Lakini bodi haiwezi kuamua bila nambari, na nambari za joto letu lazima tuzipime wenyewe. Mashine za kromatografia ziko nchini. KEPHIS huzitumia kupima mabaki ya dawa kwenye mboga na matunda yanayosafirishwa nje. Vikombe vya kupimia glavu ni vidogo na vinaweza kutengenezwa na fundi wa vioo wa maabara. Napendekeza Chuo Kikuu cha Garissa kiwe na mkono katika kazi hii, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wake wanatoka kwenye mashamba haya haya. Wakusanye glavu zinazouzwa madukani mjini, si zile za katalogi. Wachukue dawa zinazouzwa hapa, kwa chupa zake, kwa sababu kile kimiminika cha kuyeyushia ndicho kinachoamua. Wapime kwa nyuzi 23, ili walinganishe na vipimo vya Ulaya, kisha kwa 38. Wapime glavu mpya, na wapime iliyovaliwa wiki nzima na kibarua. Wapime iliyotobolewa na mwiba halisi wa mathenge.

Kuna kipimo kingine ambacho hata shule ya sekondari inaweza kukifanya mwezi ujao. Richard Fenske wa Marekani alikianzisha miaka ya 1980: badala ya dawa, pampu hujazwa maji yenye rangi isiyoonekana mchana lakini ing'aayo chini ya taa ya urujuanimno. Mtu hufanya kazi yake ya kawaida, akachanganya, akapiga, akavua glavu jinsi alivyozoea. Kisha huingia chumba chenye giza. Taa inayotakiwa ni ile ile wanayotumia wenye maduka kukagua noti bandia, na sabuni nyingi za unga zina kemikali inayong'aa hivyo. Hakionyeshi kupenya, lakini huonyesha kila mahali mkono ulipoguswa: kucha, kifundo, shingo ulipojifuta jasho, kifungo cha suruali.

Kwa vipimo vya maabara, pakianzwa na dawa moja tu kwa uhaba wa fedha, ningeanza na triklopiri ndani ya dizeli dhidi ya nitrili ya milimita 0.4, kwa nyuzi 38, nzima na iliyotobolewa. Mathenge bado unasonga, watu watazidi kulipwa kuukata, na wengi wa watakaoajiriwa ni vijana ambao hawajawahi kushika dawa ya mafuta. Matokeo yake yachapwe kwa Kiswahili na kwa Kisomali, yabandikwe kwenye mlango wa kila agroveti kuanzia Garissa mjini hadi Masalani.